Tatu au Nane kwenye Mgongo wa Singe

Simu ilinikuta Bunju, jikoni, nikichambua mchele. Bi Somoe hakunisalimu wala hakusubiri nimsalimu. "Eli, Mwalimu katutoka alfajiri," alisema. "Wanamzika leo leo, baada ya adhuhuri. Na kile kitabu chenu, kama kiko kwako, njoo nacho, maana mie nimekitafuta humu ndani mpaka nimechoka." Kisha akakata, kwa kuwa aliyefiwa ana watu wengi wa kupigia. Nilibaki nimeshika ungo. Kitabu hakikuwa kwangu. Nilikuwa nimekiacha Mbagala, juu ya meza ya kaka yake, Mwalimu Likwepa, miaka tisa iliyopita, siku niliyohama chumba changu cha Charambe. Tangu siku hiyo sikuwahi kukiulizia, kwa sababu ndani yake kulikuwa na ukurasa mmoja ambao mimi na Mwalimu tuliujua na ambao hatukuwahi kuuzungumza. Nilifunika mchele, nikavaa gauni langu jeusi, nikatoka. Kati ya Bunju na Mbagala liko jiji zima, na mtu anayelivuka kwenda msibani ana muda wa kutosha wa kukumbuka mwaka mmoja.

Ya utotoni na ya wazazi wangu nayaacha; hayakuhusika. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea ukutubi, na nilikuwa nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu sentensi ambayo leo naona haya kuinakili: kwamba hakuna swali lisilo na kitabu chake, kuna kitabu ambacho bado hakijafika tu. Niliiamini kama wengine wanavyoiamini sala. Kazi ya kuajiriwa sikupata, basi nikajitolea kupanga maktaba ya shule moja ya Charambe, chumba kilichokuwa stoo ya madawati, chenye dirisha moja na vitabu vya msaada vilivyokuja ndani ya kontena. Kulikuwa na kitabu cha kuteleza juu ya theluji. Kulikuwa na sheria za barabarani za nchi ambayo magari yake hupita upande mwingine. Kulikuwa na nakala nyingi mno za sehemu ya pili ya riwaya ambayo sehemu yake ya kwanza hatukuwahi kuiona. Nilivipanga vyote kwa uadilifu, nikavibandika namba mgongoni, na kila jioni nilifunga mlango nikijiona nimelitumikia taifa. Sasa hivi, nikijitazama kwa mbali, namwonea huruma yule binti, ingawa huruma hiyo haina heshima nyingi ndani yake.

Mwalimu Likwepa aliingia siku moja baada ya vipindi. Alikuwa amestaafu miaka mingi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo, na mkononi alikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa gazeti. Nilisimama nikamwamkia. "Marahaba, mkutubi," alisema, na nilifurahi, kwani hakuna mtu mwingine Mbagala aliyewahi kuniita hivyo. Kwa wengine nilikuwa dada wa stoo. "Nimesikia umevipanga vitabu hata mtu akiuliza anajibiwa. Nina swali moja tu. Nimelibeba." Akalifungua gazeti juu ya meza. Ilikuwa singe, ile silaha inayochomekwa mbele ya bunduki, ndefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kucha, na mpini wake wa mti ulikuwa mweusi kwa jasho la watu waliokwisha kufa. Nilirudi nyuma hatua moja. Akacheka. "Usiogope. Huyu hajamuuma mtu tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa. Shida ni kwamba hatujui kabla ya hapo alimuuma nani."

Hadithi alinieleza siku ile ile, amekaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la tatu, magoti yakimfika kifuani. Babu yake alitoka upande wa Liwale, na singe hiyo ndiyo aliyoiacha. Lakini aliiacha na masimulizi mawili. La kwanza lilisema kwamba wakati wa vita vya Majimaji babu aliichomoa kwa askari wa Mjerumani aliyeangukia mtoni, na akaificha katika paa hadi wageni walipoondoka. La pili lilisema kwamba babu mwenyewe alikuwa askari, aliyejiunga baadaye na kupewa singe hiyo mikononi na Mjerumani, akamtumikia dhidi ya watu wake. Ukoo uligawanyika kufuata masimulizi hayo. Mume wa Bi Somoe, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, alitoka katika familia iliyobakiwa na mtoto mmoja tu baada ya njaa iliyofuata vita, maghala yalipochomwa moto na askari wa Mjerumani. Na kila mwaka katika mwezi wa Shaabani, ukoo ulipokutana nyumbani kwa Mwalimu kuwarehemu wazee, shemeji huyo alikuwa akija, akikaa, akiitikia dua, na hakuwahi hata mara moja kula.

"Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote," Mwalimu aliniambia. "Kila mwaka nilisimama mbele ya watoto nikasema, babu zetu walipigana. Nilikuwa nasema zetu. Sasa mwili unaniambia safari haiko mbali, na sijui kama nilikuwa nawadanganya." Aliigeuza singe, akanionyesha mgongo wa bapa lake karibu na mpini. Palikuwa na alama ndogo iliyopigwa mhuri: kitu mfano wa taji, chini yake herufi isiyosomeka, na chini ya herufi tarakimu mbili. Mwanajeshi mmoja mstaafu alikuwa amemwambia kwamba tarakimu hizo ni za mwaka silaha ilipotengenezwa. Ya kwanza ilikuwa sifuri. Ya pili ilikuwa tatu, au ilikuwa nane. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelika, na jicho liliona mkunjo, kisha halikuuona. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Singe iliyotengenezwa mwaka wa nane, baada ya vita kwisha, haiwezi kuwa ilitekwa vitani. "Tatu haitamtakasa babu," alisema Mwalimu, "lakini nane itamhukumu. Nitafutie kitabu, mkutubi. Wazungu hawatengenezi kitu bila kukiandikia kitabu." Nilipiga picha alama ile kwa simu yangu, mwanga wa dirisha ukiwa umefifia, na nikamwahidi, bila kuulizwa, kwamba kitabu kitakuwa mkononi mwake kabla ya Shaabani inayofuata.

Tangu wakati huo nikawa mtu wa nyumba yake. Alikuwa na chumba cha mbele ambamo alifundisha tuisheni, mabenchi manne na ubao uliopasuka kona, na kwenye rafu maboksi ya chaki yaliyorundikwa hadi darini, kwa kuwa siku aliyostaafu wenzake walimwuliza anataka zawadi gani, naye akasema chaki. Kila kitu mle kilikuwa na ukungu mweupe: redio, saa, mito ya viti, hata nyusi zake. Bi Somoe, aliyehamia kwa kaka yake baada ya kufiwa, alitupikia ming'oko, mizizi ya porini iliyoletwa kutoka kusini kwa mabasi, akaichemsha kwa chumvi, akaiweka katikati yetu na kikombe cha chai ya tangawizi, na akalalamika kwamba hata mboga zake zina chaki. "Nyie endeleeni na chuma chenu," alikuwa akisema. "Mie nimezikwa mzimamzima humu. Siku nikifa msihangaike na sanda, nipigeni vumbi hili tu." Kisha alikaa pembeni kusikiliza, na nilielewa kwamba jibu lilimhusu kuliko alivyotaka tujue. Mume wake alikuwa ameondoka duniani bila kula sahani moja kwa shemeji yake.

Nilianza na maktaba moja kubwa mjini, nikitembea wima kama mtu anayerudi kwao. Nilipekua kadi, na kadi ilikuwepo. Kitabu cha silaha baridi, yaani za makali, za majeshi ya Ulaya, namba, rafu, kila kitu. Mkutubi wa zamu, mama mpole, alikwenda ndani akakaa, akarudi akipangusa mikono. "Kadi ipo, mwanangu. Kitabu hakipo." Nikauliza kimeazimwa na nani. "Aliyeazima kastaafu, aliyemwandika kafariki, na daftari lililiwa na mchwa. Lakini kadi tunaitunza." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba kadi ni ahadi.

Baada ya maktaba nilikwenda kwa wauza vitabu vya mitumba, wanaovitandaza chini kando ya barabara. Nakumbuka kijana mmoja mwenye miwani ya jua aliyenipokea kama anayenijua. "Sista, karibu, unasaka nini?" Nikamwambia nataka kitabu cha singe. "Singe ndo nini?" Kisu cha mbele ya bunduki. "Aaah, ishu za kijeshi! Mbona hukusema mapema? Nisubiri hapo hapo, usiondoke." Alikimbia kwa wenzake, akarudi na vitabu vitatu: cha kareti, cha maisha ya jenerali fulani kisicho na jalada, na cha kuchonga matunda kuwa maua. Nilipokikataa cha mwisho aliumia kweli. "Hicho nacho kina visu, sista. Usidharau." Wiki mbili baadaye alinipigia simu kwamba amekipata chenyewe, na nilipofika nilikuta ni orodha ya mnada wa vitu vya kale, picha za singe kurasa tano, zilizokatwa kwa wembe na mtu aliyetaka kuzitundika ukutani.

Wakati mimi nikishindwa kupata kitabu, Mwalimu alianza kukusanya singe. Wazo lilikuwa lake na lilikuwa la mwalimu halisi: kama hakuna kitabu, alisema, tutaweka chuma kando ya chuma tulinganishe, kama watoto wanavyojifunza herufi. Ya pili aliipata kwa wanunuzi wa chuma chakavu Tandika, fupi, ya Mwingereza, ikiwa imetumika miaka mingi kuchimbia mihogo. Ya tatu aliletewa na mjane wa mwanajeshi, na hiyo haikuwa hata na mpini. Alizitundika zote ukutani juu ya ubao, kila moja na kikaratasi chini yake, na kwenye vikaratasi vyote aliandika neno moja kwa mwandiko wake wa darasani: Haijajulikana. Majirani walipita dirishani. "Mwalimu, unapindua serikali lini?" alipiga kelele fundi wa redio wa ng'ambo ya pili. "Tuambie mapema tununue unga!" Mwalimu alimjibu kwamba atampa wizara ya redio. Alifurahi miezi ile. Naandika hili kwa sababu nimejiuliza mara nyingi iwapo furaha hiyo inapaswa kuhesabiwa upande wangu, na sioni kwa njia gani.

Mwishowe niliandika kwa mzee mmoja wa Ulaya, mkusanyaji, niliyekuta jina lake kwenye ukurasa wa mtandao ambapo watu wa aina yake huulizana. Alinijibu kwa adabu. Vitabu vya kumfaa anayeanza, alisema, viko vitatu. Viwili havichapishwi tena, na cha tatu ana nakala yake ya ziada, aliyoitumia tangu ujana, atanitumia bure kwa posta kwa kuwa hajawahi kupokea swali kutoka Dar es Salaam. Kisha akaongeza sentensi moja: picha yangu haisomeki, na je, ningeweza kumpatia nyingine iliyo safi zaidi? Hakusema chuma kisafishwe. Nimeisoma barua ile mara nyingi mno nikitafuta mahali aliposema hivyo, na hakusema. Aliomba picha safi. Ni mimi niliyekwenda kwa Mwalimu, nikakaa mbele ya sinia la ming'oko, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mwalimu, labda ingesafishwa kidogo ili alama ijitokeze."

Lazima nieleze desturi ya nyumba ile, la sivyo kosa langu litaonekana la kijinga tu. Kila mwaka siku moja kabla ya dua ya Shaabani, mkubwa wa ukoo aliishusha singe ya babu akaisugua kwa mchanga na jivu na ndimu, mpaka ing'ae, kwa kuwa si adabu kumrehemu marehemu huku kitu chake kina kutu. Baba yake alifanya hivyo, na yeye alifanya hivyo tangu alipoachiwa nyumba. Ndiyo maana tatu au nane ile ilikuwa imelika: ililiwa na heshima, mwaka baada ya mwaka, kwa mikono ya watu waliompenda aliyeishika. Kwa hiyo nilipotaja kusafisha, nililitaja mbele ya mtu ambaye tangu utoto amefundishwa kwamba kusafisha ni kupenda, na nililitaja mimi, msomi wake. Shaabani ilikuwa imebakiza wiki mbili. Aliona mchanga wa nyumbani hautoshi kwa jambo zito kama kitabu cha Ulaya. Akaipeleka kwa mnoa visu.

Nilimkuta jioni amesimama mlangoni akinisubiri, kanzu mpya, uso unacheka wote. "Imetakata, mkutubi! Yule kijana ana jiwe la kuzungusha kwa baiskeli. Nilimwambia, hii si ya kuchinjia kuku, fanya kazi ya maana. Akaipiga pande zote, hata mgongo." Aliniwekea mikononi. Ilikuwa nyeupe kama samaki. Niliipeleka dirishani, nikaigeuza, nikapitisha kidole kwenye mgongo wake kutoka kwenye mpini hadi ncha, kisha nikarudia kwa kucha. Palikuwa laini. Nilisikia Bi Somoe jikoni akikuna nazi, mbuzi yake ikigonga sakafu, na nikawaza kwamba ilimradi sauti ile inaendelea sihitaji kusema chochote. Ilipokoma nilisema, "Imetakata, Mwalimu." Alikuwa ameniona kidole. Aliichukua, akavua miwani, akaisogeza karibu na jicho, akaivaa tena. Akapapasa pale pale nilipopapasa. "Basi kitabu kitakuwa na njia nyingine," alisema. "Kitabu hakikosi njia."

Dua ilisomwa. Watu walijaa hadi uani, ubani ukifuka, pilau kwenye masinia, na baada ya kula akaingia Bi Mkunde, muuza vitumbua wa Kizuiani, mtani wa ukoo ule, ambaye kwa haki ya utani aliruhusiwa kusema yale ambayo ndugu hawathubutu. Alikwenda moja kwa moja ukutani akaitungua singe. "Mashaallah! Mwaka huu rugaruga kavaa nguo mpya!" alisema, na watu wakacheka, kwa kuwa rugaruga ni wale waliofuata nyuma ya askari kupora na kuchoma, na kila mtu alijua anamwambia nani. "Babu yenu aliwachomea watu mahindi, nyie mnamchomea ubani. Haya niambieni, huu pilau mmeupata kwenye ghala la nani?" Bi Somoe alicheka pia, kama anavyopaswa. Mwalimu ndiye aliyesimama. "Cheka, Mkunde, cheka sana. Mwaka ujao nitakujibu kwa kitabu. Kiko njiani." "Kitabu!" alisema Bi Mkunde, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa na akina mama. "Binti wa vitabu, kinakuja kwa miguu? Kiambie kipande kitumbua changu, kitafika haraka." Uani kote walicheka, na Mwalimu akacheka nao, na sikuwahi kuona mtu akicheka huku ameshika ukuta.

Kitabu kilifika mvua za masika zilipoanza, kimefungwa karatasi ya kaki, kona zimelowa. Nilikifungua chumbani kwangu peke yangu, na hilo lilikuwa kosa la pili, kwa kuwa nilitaka kwanza kujua ndipo nimjulishe. Dibaji yake ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilimwambia anayeanza mambo mawili. La kwanza: usisafishe kamwe, wala usimruhusu mtu asafishe, kwa kuwa anayesafisha anafuta ushahidi. La pili: alama iliyofifia husomwa kwa kupaka juu yake chaki ya kawaida, kupangusa polepole kwa kidole, na kuitazama kwa mwanga wa pembeni, chaki hubaki kwenye vishimo vya mhuri na tarakimu husimama yenyewe. Nilisoma sentensi hiyo nikiona mbele ya macho yangu rafu ya Mwalimu, maboksi hadi darini, na nyusi zake nyeupe. Tulikuwa tumekaa ndani ya jibu miezi yote ile tukila ming'oko. Niliendelea kusoma hadi mwisho, nikitumaini, kama alivyotumaini yeye, njia nyingine. Haikuwepo. Singe ya umbo lile, ya urefu ule, ya mpini ule, ilitengenezwa kabla ya vita na ikaendelea kutengenezwa baada ya vita. Kilichoitenga moja na nyingine ni mwaka peke yake, mgongoni.

Nilimpelekea. Nilikifungua kwenye picha, nikamweleza habari za umbo na za kiwanda, nikaikwepa dibaji kama mtu anavyoukwepa uso wa anayemdai. Mwalimu alisikiliza, mikono juu ya magoti. Alikuwa anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. "Niachie usiku mmoja," alisema. Kesho yake nilipofika kitabu kilikuwa juu ya meza, kimefungwa, na juu yake miwani. Maboksi ya chaki yalikuwa pale pale. "Kitabu kizuri," aliniambia. "Kimeandikwa na mtu mwaminifu. Kingekuja mapema kidogo." Akaninyooshea kikombe cha chai. Nilingoja aseme zaidi, anikemee, aniulize chuoni walinifundisha nini, na ningeshukuru. Alizungumza habari za mvua. Vikaratasi vya ukutani vilibaki vyote vitatu na neno lile lile. Mwezi uliofuata nilipata kazi ya karani kwenye ofisi moja ya Kawe, kazi isiyohusiana na vitabu, nikaikubali siku hiyo hiyo. Niliwaambia watu kwamba ni kwa sababu ya mshahara.

Nilifika Mbagala maiti ikiwa bado ndani. Turubai lilikuwa limefungwa barabarani, wanaume wamekaa upande mmoja, akina mama wamejaa uani na chumba cha mbele, na Bi Mkunde alikuwa ameshaanza kazi ya mtani. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa kuegemea, lakini alikuwa amevaa kofia ya Mwalimu na miwani yake yenye uzi, na kwa kipande cha chaki alikuwa anaandika mikwaruzo ubaoni. "Nyamazeni nyie watoto! Leo tunajifunza vita!" alisema kwa sauti ya Mwalimu, ile ile, hata Bi Somoe akajifunika kanga usoni, akicheka na kulia. "Babu zetu walipigana! Na nani? Swali zuri, kaa chini!" Akaitungua singe ya kwanza kutoka ukutani, akagonga nayo ubao. Macho yake yakanikuta mlangoni. Akaivua miwani. "Haa, binti wa vitabu. Umekuja. Huyu alisema atanijibu kwa kitabu, kila mwaka alikuwaga anasema mwaka ujao, sasa kajificha ndani hataki kutoka. Haya, mjibie wewe. Kitabu kilisemaje?"

Akina mama wakanigeukia. Bi Somoe alishusha kanga akanitazama, na katika jicho lake niliona kwamba hakuwahi kuambiwa. Kwamba miaka tisa aliishi na kaka yake ndani ya ukungu wa chaki bila kujua kilichotokea. Ningeweza kusema tatu. Hakuna mtu duniani ambaye angenikanusha, na ukoo wote ungelala salama, na marehemu angezikwa kama mjukuu wa mtu aliyepigana. Nimejifunza mambo machache tangu chuo, na hata sasa sijui kama nilichofanya kilikuwa ukweli au ukatili. "Kitabu kilisema tusome alama," nilisema. "Alama haipo. Ni mimi niliyesema isafishwe." Bi Mkunde alinitazama, na kwa sekunde moja hakuwa mtani wa mtu yeyote. Kisha akafanya wajibu wake, kwa kuwa mtani hana ruhusa ya kuuacha msiba uwe kimya. Akainua singe juu. "Basi mmesikia! Rugaruga! Rugaruga mpaka kaburini!" Wakacheka, kwanza wachache, kisha wote, kicheko kile cha msibani kinachosaidia watu kupumua, na nilielewa kwamba limeshatamkwa mbele ya mashahidi, kwamba watoto waliokuwa mlangoni watalibeba, na kwamba hakuna kitabu kitakachokuja tena kulibishia. Wanaume wakaingia kumtoa.

Walipokwenda makaburini tulibaki akina mama na sufuria. Bi Somoe aliniita chumbani kwa kaka yake. Alikuwa amekiona kitabu, hatimaye, wakati wa kutoa godoro: ndani ya boksi la chaki, uvunguni, kimefungwa kitambaa. "Kumbe ndo hiki alichokuwa anashinda nacho," alisema. "Kila mwaka siku ya kusugua ile singe hakusugua tena. Alijifungia humu na chaki yake, akaipaka ile singe, akaitazama dirishani, akaipangusa, akaipaka tena. Namwuliza, kaka, unaandika nini juu ya chuma? Ananiambia, nasoma." Akaniwekea mapajani. Kilifunguka chenyewe kwenye dibaji. Ukurasa haukusomeka, ulikuwa mweupe wote, umejaa vumbi la miaka minane au tisa, na lilimwagika juu ya gauni langu jeusi. Bi Somoe aliinama kunipangusa kwa upindo wa kanga yake.

"Acha, bibi," nilimwambia. "Usilifute."